Namna ya Kuandika Historia ya Mtaa Wako Katika Mji wa Lamu

Mji wa Lamu umeandikwa sana, lakini mitaa yake imeandikwa kidogo. Msomaji atapata kwa urahisi habari za Ngome iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, za Vita vya Shela, na za mwaka 2001 ambapo Unesco iliuingiza Mji wa Kale katika orodha ya urithi wa dunia. Akitaka kujua nani aliweka wakfu kisima cha mtaani kwao, au wapishi wa arusi walitoka nyumba gani, itambidi ayatafute mwenyewe. Mwongozo huu ni wa mkazi anayekusudia kuifanya kazi hiyo, awe ana elimu ya historia au hana.

Kwanza amua unaandika habari za nani. Posta ya Wajerumani iliyokuwapo Lamu ni mfano mzuri wa jinsi macho yanavyoweza kuvutwa upande mmoja. Ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walifanya mkataba na Sultani wa Witu, bara karibu na Lamu, mwaka 1885, na kwa ajili ya biashara na barua za huko posta ikafunguliwa Lamu mwaka 1888. Kwa mapatano ya 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza Witu, na posta ikafungwa mwaka 1891. Posta hiyo haikutimiza miaka mitatu, nayo ina makumbusho yake hadi leo. Sisemi kwamba haistahili. Nasema kwamba mwalimu wa chuo aliyesomesha Kurani vizazi viwili katika kichochoro cha nyuma anastahili angalau ukurasa, na ukurasa huo hakuna mgeni atakayeuandika.

Ukishaamua, weka mipaka. Watu husema Mkomani na Langoni, lakini hizo ni sehemu kubwa mbili za mji, na ndani yake mna mitaa midogo ambayo majina yake hayalingani na mipaka ya serikali. Usitegemee ramani ya utawala. Waulize wakazi wa pembe mbalimbali swali moja: mtu akifariki katika nyumba hii, husaliwa msikiti gani, na nani hupelekewa habari mwanzo? Majibu yatakuchorea mtaa ulivyo katika maisha ya watu, na pale yanapogongana andika kwamba yanagongana.

Kisha tembea na karatasi. Chora kila nyumba, msikiti, kisima, duka, gofu la nyumba na kila wikio linalovuka njia kutoka ghorofa ya nyumba moja hadi nyingine. Wikio lina mengi ya kusema, kwa kuwa kwa kawaida liliunganisha nyumba za jamaa na kuwawezesha wanawake kutembeleana bila kushuka njiani. Ukiona wikio lililozibwa kwa mawe, uliza lilizibwa lini, maana mara nyingi hapo pana mauzo ya nyumba, mirathi au ugomvi. Pima pia upana wa vyumba. Dari za nyumba za mawe zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo hazikuruhusu chumba kuzidi sana mita tatu kwa upana. Chumba kipana kuliko hivyo huenda kilijengwa au kubadilishwa baada ya chuma na saruji kuingia. Tarehe iliyochongwa mlangoni au msikitini uinakili, lakini usiichukulie kuwa ndiyo ya ujenzi wa mwanzo, kwa kuwa huenda ikawa ni ya ukarabati. Langoni kazi hii ni ngumu zaidi: nyumba nyingi zilikuwa za udongo na makuti kabla ya kujengwa kwa mawe, na nyumba ya makuti haiachi alama. Huko utategemea kumbukumbu za watu kuliko kuta.

Nyaraka zipo, nyingi zikiwa makabatini mwa watu. Hati za nyumba, vyeti vya wakfu na hukumu za kadhi za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na zile zilizofuata sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 huwa na namba ya usajili. Usiombe kuondoka na hati ya mtu. Ipige picha papo hapo, kwenye mwanga wa mchana, mbele na nyuma, kwani nyuma ndiko watu walikoandika madeni na majina ya mashahidi. Nje ya majumba, Msikiti wa Riyadha una miswada yake ya kale. Nyaraka za Taifa mjini Nairobi zina ripoti za maofisa wa wilaya. Na Zanzibar kuna kumbukumbu za utawala wa Sultani, aliyekuwa na mamlaka juu ya Lamu. Ripoti za maofisa zisome kwa hadhari: aliyeandika alikuwa akikusanya kodi, na mtaa aliuona kutoka barazani kwake.

Tarehe za Hijria zibadilishe kwa jedwali, wala si kwa kukisia. Mwaka 1307, kwa mfano, ulianza mwishoni mwa Agosti 1889 na kwisha Agosti 1890, hivyo andiko lisilo na mwezi laweza kuangukia mwaka wowote kati ya hiyo miwili.

Mahojiano ndiyo moyo wa kazi, na hayaharakishwi. Nenda baada ya Alasiri, wakati watu wameketi barazani, au usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe. Eleza shabaha yako, omba idhini ya kurekodi, na idhini yenyewe iwemo katika rekodi, kwa kuwa sheria ya Kenya ya 2019 inalinda habari za watu binafsi. Usianze kwa kuuliza historia, kwani mzee ataona anatahiniwa, naye atakusimulia masultani. Muulize alipokuwa mdogo alipita njia gani kwenda chuoni, nani aliuza mahamri, punda walifungwa wapi. Mzee asiyekumbuka mwaka hukumbuka tukio, basi uwe na matukio ya kumsaidia: mafuriko ya 1961, uhuru wa 1963, kufungwa kwa jela ya Ngomeni mwaka 1984. Wanawake wahojiwe na mwanamke, ndani, wala wasiachwe mwisho. Habari za vugo la arusi, za vyama vya ngoma ya lelemama na za nani alimnyonyesha nani ziko kwao. Maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, yaandike yalivyotamkwa. Aliyesema «ndia» asisahihishwe kuwa «njia».

Jambo moja linahitaji adabu ya pekee. Utumwa ulipigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na wajukuu wa mabwana na wa watumwa wangali majirani. Historia ya mtaa wa mawe inayokaa kimya kuhusu waliochoma chokaa na kubeba mawe haijakamilika. Eleza hali ilivyokuwa, kazi zilizofanywa na sehemu walizolala watu, lakini nasaba ya mtu aliye hai usiitaje, hata kama wote barazani wanaijua na wamekuambia.

Usiishie zamani. Andika Maulidi ya mfunguo sita yanavyoendeshwa sasa: nyumba zipi hupokea wageni, nani hupika, vijana hugawanaje zamu. Andika pia nyumba zilizouzwa kwa wageni na familia zilizohamia pembezoni, pamoja na nani sasa huwafuturisha waliofunga, na ni wangapi, katika vichochoro ambavyo milango yake hufungwa nusu ya mwaka.

Unapotunga, panga habari kwa mahali: nyumba, kisima, msikiti, halafu njia inayofuata. Mpangilio wa miaka utakulazimisha kujaza mapengo usiyo na ushahidi wake. Pale masimulizi mawili yanapopingana, yaweke yote mawili na useme kila moja limetoka upande gani wa mtaa.

Kabla ya kuchapisha, soma rasimu kwa sauti barazani, siku moja kwa wanaume na siku nyingine kwa wanawake, na uache daftari ambamo kila mtu ataandika au kuandikiwa pingamizi lake. Nakala mbili za mwisho, pamoja na rekodi za waliokubali, ziweke mahali tofauti: moja katika maktaba iliyomo Ngomeni, nyingine katika chuo au msikiti wa mtaa wenyewe.