Darasa la kutuni injini Mombasa: namna ya kulichagua kabla ya kutoa ada

Kwa mafundi wa Mombasa neno "kutuni" lina kazi mbili, na pesa nyingi za wanafunzi hupotelea hapo. Peleka gari gereji ya Makupa au Changamwe useme lituniwe, na fundi ataelewa hivi: plagi, filta ya hewa, kusafisha throtolibodi, kuangalia taimingi (wakati cheche inapowaka), kuweka silensa sawa (mizunguko ya injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta). Mwenye Subaru ya turbo akitamka neno hilohilo anataka kompyuta ya gari iandikwe upya ili injini itoe nguvu zaidi. Kazi ya pili hujengwa juu ya ile ya kwanza. Injini inayovuta hewa pembeni au yenye koili dhaifu, ukiiandikia ramani mpya (majedwali ya mafuta na cheche ndani ya kompyuta) umeuficha ugonjwa tu, na siku utakapojitokeza unaweza kukukuta na pistoni iliyotoboka. Kwa hiyo jiulize kwanza unatafuta kutuni gani. Kama hujawahi kupima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kwa mkono wako, jibu ni ile ya kwanza, hata kama moyo uko kwenye turbo.

Vyuo na vyeti

Chuo chochote cha ufundi Kenya kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, na orodha iko kwenye tovuti yao. Tafuta jina la chuo humo kabla ya kutuma hata shilingi ya fomu. Kisha uliza cheti kinatolewa na nani, KNEC (baraza la mitihani la taifa) au CDACC (baraza la mitaala na mitihani ya vyuo vya ufundi). Cheti kinachochapishwa na chuo chenyewe peke yake hakitakufikisha mbali ukiomba kazi kwa wauzaji wakubwa wa magari au bandarini. Kwa kawaida diploma, yaani Level 6, huhitaji C- ya KCSE. Craft, Level 5, huhitaji D. Artisan, Level 4, hupokea walio chini ya hapo. Technical University of Mombasa, pale Tudor, ni mahali pazuri pa kuanza kuulizia ukiwa kisiwani. Vyuo vya ufundi vilivyokuwa vikiitwa polytechnic za vijiji sasa viko chini ya kaunti, na kwa kawaida ada yake ni nafuu.

Ila fahamu unachonunua. Diploma ina hisabati, michoro na nadharia ya joto, na kutuni ni sehemu ndogo ndani yake. Ukitaka mkono mwepesi kwenye injini, diploma pekee haitoshi.

Njia nyingine ni mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, unaopanda kutoka Grade III hadi II na I. Unamfaa mtu aliyejifunzia gereji bila kukaa darasani. Mekanika wa magari na fundi umeme wa magari ni mitihani tofauti. Mwenye nia ya kutuni magari ya siku hizi tungemshauri asome umeme kwa bidii ileile anayosomea mekanika, maana sensa mbovu au waya ulioliwa na chumvi humzuia fundi mara nyingi kuliko bolti iliyokwama.

Gereji, na hesabu ya saa

Uanagenzi bado ndio shule kubwa ya Mombasa. Usiende na swali la ada kwanza. Nenda asubuhi, msalimu fundi mkuu, mwombe ruhusa ukae uangalie saa mbili tatu. Epuka Ijumaa adhuhuri, na wakati wa Ramadhani uliza saa za kazi mapema. Ukiwa umekaa, tazama jambo moja: gari likija linatetemeka, fundi anashika nini kwanza? Anayeunganisha skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), akasoma namba, akaandika, kisha akachukua multimita, huyo ana cha kukufundisha. Anayefuta kodi (namba za hitilafu) taa ya injini ikazimika halafu akamkabidhi mwenye gari ufunguo, au anayebadilisha koili moja baada ya nyingine mpaka abahatishe, atakufundisha kubahatisha.

Ada peke yake haikuonyeshi thamani ya kozi. Piga hesabu ya saa ambazo mkono wako utagusa injini. Kozi ya wiki 12 yenye saa 10 za karakana kila wiki ni saa 120. Wanafunzi wakiwa 24 na injini zinazowaka zikiwa 2, ni watu 12 kwa injini moja, na sehemu yako ni saa 10. Darasa la jioni la saa 40 lenye watu 4 na injini moja linakupa saa 10 zilezile. Gawanya ada kwa saa hizo, ndipo ulinganishe. Na uliza kama injini zenyewe zinawaka. Injini iliyokatwa nusu ikawekwa juu ya stendi ni nzuri kwa kuonyesha valvu, lakini hakuna anayejifunza kutuni kwenye injini isiyonguruma.

Swali la kumpima mwalimu

Muulize kwa heshima: "Mwalimu, skana inaonyesha LTFT ni +18 gari likiwa silensa. Nikipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika inashuka mpaka +4. Ungeanzia wapi?"

LTFT ni masahihisho ya muda mrefu ya mafuta: kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kwa asilimia ili uwiano ubaki karibu na hewa kilo 14.7 kwa petroli kilo 1. Ikibaki ndani ya 10 juu au chini hakuna wasiwasi mkubwa. Mwalimu anayejua atakwambia kuna hewa inayoingia baada ya sensa ya hewa: mpira wa vakyumu uliopasuka, gasketi ya manifoldi, au mpira wa sevo ya breki. Atakueleza na sababu. Kwenye silensa injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo tundu dogo ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ukipandisha mizunguko, tundu ni lilelile ila hewa halali imekuwa nyingi, na kosa linaonekana dogo. Ukimgeuzia swali, kwamba ni +3 kwenye silensa na +18 gari likipanda mlima limejaa, jibu linahamia kwenye pampu dhaifu, filta ya petroli iliyoziba au sensa ya hewa yenye uchafu.

Aliye bora zaidi atakuuliza kabla ya kujibu: gari lenyewe linatumia sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia) au ya MAP (inayopima presha ndani ya manifoldi)? Magari ya MAP, kama Honda nyingi za zamani, huisoma pia ile hewa ya wizi, na mara nyingi dalili yake ni silensa kupanda, huku LTFT ikibaki karibu kawaida. Ukimpata mwalimu wa namna hiyo, usimwache kwa sababu mwingine ana karakana yenye vigae.

Mambo ambayo darasa la kwanza lisikose

Probox na Fielder zimejaa kila mtaa, kwa hiyo injini ya 1NZ-FE ni kitabu kizuri cha kuanzia. Plagi zake huachwa nafasi ya milimita 1.0 hadi 1.1 na kukazwa kwa 18 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza). Ukikaza kwa kubahatisha, nyuzi za hedi ya aluminiamu huvunjika. Presha ya petroli iwe psi 44 hadi 50. Taimingi hupimwa kwa kuunganisha pini ya 13 na ya 4 kwenye soketi ya skana, injini ikiwa na moto kwenye silensa, na usomaji uwe nyuzi 8 hadi 12 kabla ya pistoni kufika juu. Bila kuunganisha pini hizo, kompyuta inaisogeza taimingi kila mara na namba unayoiona haina maana. Hapo hakuna distribyuta ya kuzungusha. Taimingi ikikataa, chunguza cheni na sensa. Mwanafunzi lazima afundishwe pia kwamba pini ya 16 ni moto wa betri moja kwa moja. Ukikosea ukaiunganisha na ya 4, fyuzi inakufa, au waya unaungua.

Kompresheni: injini iwe na moto, plagi zote nje, injekta zimekatwa umeme, mafuta yakanyagwe hadi mwisho, betri imejaa. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 15 kuna tatizo. Mimina kijiko kidogo cha oili kwenye ile iliyo chini upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka; ikibaki palepale, shuku valvu au gasketi ya hedi.

Halafu kuna somo la pwani. Gari linalolala Nyali au Likoni linakula chumvi usiku kucha, na earth (waya wa hasi unaoshika mwili wa gari na injini) ikishika kutu sensa husema uongo. Weka multimita kati ya hasi ya betri na mwili wa injini, mtu apige stata. Ukiona zaidi ya volti 0.3, fungua earth, sugua mpaka chuma king'ae, paka grisi. Darasa lisilo na somo hili halijafikiria magari ya mji huu.

Ukifika kwenye ramani

Kwa nadharia, masomo ya mtandaoni ya High Performance Academy ya New Zealand yamepangwa vizuri, ila ni Kiingereza kitupu. Kwa Subaru za zamani kuna RomRaider, programu ya bure ya kusomea na kuhariri ramani. Mwenye kutaka kuelewa kompyuta ya gari kutoka ndani anaweza kuunda Speeduino, kompyuta ya injini ya kujiundia, inayojengwa juu ya Arduino Mega 2560.

Kozi ya ramani isiyo na waidibendi, sensa ya ekzosi ya kupimia uwiano wa hewa na petroli, ikimbie. Ukikanyaga hadi mwisho, injini ya kawaida hutakiwa iwe karibu 12.5 hadi 13, ya turbo karibu 11 hadi 11.8. Subaru nyingi za turbo zilizokuja kutoka Japan zilipangiwa petroli yao ya oktani ya juu, na joto la Mombasa linaongezea hewa ya moto kwenye turbo. Ramani iliyonakiliwa kutoka nchi nyingine inaweza kuisukuma taimingi mbele kuliko petroli yetu inavyoweza kubeba. Mchanganyiko unajiwakia wenyewe na injini inagongagonga. Mwalimu akuonyeshe jinsi anavyosikiliza na kusoma kugonga huko kabla ya kuongeza nguvu yoyote.

Akuonyeshe pia usalama wa kuandika: faili la asili limehifadhiwa sehemu mbili, chaja iko kwenye betri, laptopu imezuiwa isilale. Volti zikianguka katikati ya kuandika, kompyuta ya gari inaweza kufa hapohapo. Na majaribio ya nguvu yafanywe kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu gari likiwa limefungwa mahali pamoja. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi usiku barabara ya Dongo Kundu kujaribu kasi, muache na kozi yake.

Vifaa vya kwako ni vichache: multimita, fila geji, geji ya kompresheni, daftari, na kiskana cha Bluetooth. Viskana vya bei ya chini sana huruka amri nyingi, na magari mengi ya Japan ya miaka ya mwanzo ya 2000 yana soketi ya pini 16 lakini hayajibu OBD-II ya kawaida (lugha ya pamoja ya skana na gari), kwa hiyo kijaribu kwenye gari utakalofanyia mazoezi kabla ya kulipa.

Ada nayo ilipe kwa awamu. Awamu ya kwanza ilipie masomo hadi mwisho wa wiki ya pili tu, na kabla ya kutoa ya pili uwe umeshapima kompresheni ya silinda zote nne wewe mwenyewe na namba zake ziko kwenye daftari lako.