Namna ya Kupima Upya Riwaya Zilizowania Tuzo ya Hugo: Mfano wa Mwaka 1969

Tuzo ya Hugo ya riwaya bora ilianza kutolewa mwaka 1953 mjini Philadelphia, Marekani, na hadi leo ndiyo inayotajwa mara nyingi zaidi pale wapenzi wa riwaya za kisayansi na za kifantasia wanapobishana kuhusu ubora. Wasomaji wengi huitazama orodha ya washindi na kuishia hapo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayetaka kuzirudia riwaya zote zilizoteuliwa katika mwaka mmoja, kuzisoma kwa macho ya leo, na kujiamulia mwenyewe kama wapiga kura wa wakati ule walichagua vyema. Nasisitiza mwaka mzima kwa sababu tuzo hii haikupata kutangaza kwamba kitabu fulani ni bora daima. Ilitangaza tu kwamba wapiga kura wa mwaka fulani walikipenda kuliko vingine vichache vilivyokuwa mbele yao, na anayemhukumu mshindi bila kuwasoma wapinzani wake anahukumu kesi baada ya kusikiliza upande mmoja.

Anza kwa kuchagua mwaka ambao orodha yake ipo. Kwa miaka ya 1953 na 1955 tunayo majina ya washindi peke yake, kwa kuwa waliowania pamoja nao hawakuwekwa katika kumbukumbu. Hilo linasikitisha hasa kwa mwaka 1955, ambapo They'd Rather Be Right ya Mark Clifton na Frank Riley, riwaya inayolaumiwa hadi leo kuwa miongoni mwa washindi dhaifu kabisa, haiwezi hata kulinganishwa na ilizozishinda. Mwaka ninaoupendekeza kwa msomaji wa Kiswahili ni 1969, ambapo tuzo zilitolewa mjini St. Louis kwa vitabu vya mwaka 1968. Mshindi alikuwa John Brunner, Mwingereza wa kwanza kuipata tuzo ya riwaya, kwa kitabu chake Stand on Zanzibar. Wengine walioteuliwa walikuwa Alexei Panshin kwa Rite of Passage, Samuel R. Delany kwa Nova, R. A. Lafferty kwa Past Master, na Clifford D. Simak kwa The Goblin Reservation. Orodha hii ni fupi, vitabu vyake havifanani hata kidogo, na mshindi wake amebeba jina la Zanzibar kwenye jalada, jambo ambalo peke yake linampa msomaji wa pwani yetu haki ya kuuliza jina hilo limetumikaje.

Kabla ya kufungua kitabu chochote, jifunze jinsi kura zinavyopigwa. Hugo haitolewi na jopo la majaji kama ilivyo tuzo ya Arthur C. Clarke ya Uingereza. Hutolewa na wanachama wa Worldcon, kongamano la kimataifa la wapenzi wa riwaya hizi, ambao hulipa ada, hupendekeza vitabu, kisha hupiga kura ya mwisho. Katika kura hiyo mwanachama hupanga vitabu kwa daraja, cha kwanza, cha pili na kuendelea. Kilicho na kura chache zaidi huondolewa, na kura zake huhamia kwenye kitabu kinachofuata katika karatasi ya kila mpiga kura. Kwa utaratibu huo, kitabu kinachopendwa na watu wachache kwa shauku kubwa kinaweza kushindwa na kitabu ambacho wengi wamekiweka nafasi ya pili. Ukilijua hilo, utaacha kuwalaumu wapiga kura kwa woga kila unapoona kitabu cha kawaida kimeshinda.

Kanuni nazo hubadilika, na mabadiliko yake yana historia. Mwaka 2015 makundi yaliyojipanga yalijaza orodha ya walioteuliwa kwa majina waliyokubaliana, na wanachama wakajibu kwa kupiga kura ya kutotoa tuzo kabisa katika vipengele vitano. Tangu 2017 walioteuliwa ni sita badala ya watano, na mapendekezo huhesabiwa kwa namna inayopunguza nguvu ya kundi moja. Halafu kuna tuzo za mwaka 2023 zilizofanyika Chengdu, China. Takwimu zilizotolewa Januari 2024 zilionyesha kwamba Babel ya R. F. Kuang, riwaya iliyokwisha kupata tuzo ya Nebula inayotolewa na chama cha waandishi wa Marekani wa riwaya hizi, ilikuwa na mapendekezo ya kutosha lakini iliondolewa kwa maelezo kwamba haikustahili kuwania, bila sababu kutajwa. Kwa hiyo, mwaka wowote utakaouchagua, usiichukulie orodha kana kwamba imeshuka yenyewe. Uliza ni nani walioiandaa na kwa kanuni zipi.

Jambo linalofuata ni kuhakikisha kwamba unasoma matini waliyoisoma wapiga kura. Riwaya nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilitoka kwanza kwa mfululizo katika majarida. Dune World ya Frank Herbert, iliyoteuliwa mwaka 1964, ilikuwa ni sehemu ya hadithi iliyochapishwa katika jarida la Analog, wala si kitabu kizima cha Dune kilichotoka 1965 na kugawana tuzo ya 1966 na riwaya ya Roger Zelazny. Hata hiyo ya Zelazny ilikuwa fupi zaidi jaridani kuliko ilivyokuja kuwa kitabuni. Msomaji anayeupima mwaka 1964 akiwa ameshika Dune kamili anakipa kitabu sifa ambazo wapiga kura wa wakati ule hawakuziona. Kwa orodha ya 1969 tatizo hili ni dogo, na nakala hazipatikani kwa shida sana: Nova na Past Master zilichapishwa upya mwaka 2019 na Library of America katika mkusanyo wa riwaya za kisayansi za miaka ya 1960, na zilizosalia hupatikana kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika au kama vitabu vya kielektroniki.

Soma walioshindwa kwanza na umalizie na mshindi. Ukianza na mshindi, atakuwa kipimo cha wengine wote bila wewe kujua. Weka daftari lenye maswali mawili kwa kila kitabu, na usiyachanganye majibu yake: kitabu hiki kilileta upya gani kilipotoka, na kinamfanyia nini msomaji wa leo? Riwaya inaweza kuwa na jibu zito kwa swali la kwanza na jibu jepesi kwa la pili, na mabishano mengi kuhusu tuzo za zamani hutokana na watu wawili wanaojibu maswali tofauti huku kila mmoja akidhani wanajibu moja. Kwa uchambuzi wenyewe, zana tulizofundishwa shuleni, yaani fani na maudhui, zinatosha kabisa, mradi uzitumie zote mbili. Kosa la kawaida katika uhakiki wa riwaya za kisayansi ni kupima maudhui peke yake, hasa utabiri, na kuisahau fani.

Stand on Zanzibar ndiyo inayoonyesha kosa hilo waziwazi. Brunner aliiweka hadithi yake katika mwaka 2010, dunia ikiwa na watu bilioni saba, na jina la kitabu linatokana na hesabu kwamba watu wote hao wakisimama bega kwa bega wangehitaji kisiwa chenye ukubwa wa Zanzibar, yaani zaidi kidogo ya kilomita za mraba 1,600. Dunia halisi ilifikisha bilioni saba mwaka 2011, na tangu hapo kitabu kimesifiwa mno kwa kukaribia ukweli. Nawasihi wasomaji wasikipe hata alama moja kwa ajili hiyo. Takwimu za ongezeko la watu zilikuwa wazi kwa yeyote aliyezitafuta katika miaka ya 1960, na riwaya haiwi bora kwa sababu mwandishi wake amekisia vyema. Kinachostahili kupimwa ni umbo lake. Brunner alichukua mbinu ambayo John Dos Passos aliitumia katika riwaya zake kuhusu Marekani, akavunja simulizi kuwa vipande vya habari, matangazo, maneno ya mitaani, picha fupi za watu wanaopita, na kati yake akaupitisha mkondo wa hadithi kuu. Msomaji aliyewahi kuisoma Nagona ya Euphrase Kezilahabi hatatishwa na matini inayokataa kwenda moja kwa moja. Atauliza kama kuvunjika kwa umbo kunaibeba maana. Kwa maoni yangu kunaibeba: msongamano wa watu unausikia katika ukurasa wenyewe kabla hujaelezwa.

Maudhui yake ndiyo yenye shida. Sehemu kubwa ya hadithi inahusu Beninia, nchi ya kubuni ya Afrika Magharibi iliyo maskini lakini yenye amani ya ajabu, ambayo kampuni kubwa ya Marekani inataka kuiendeleza kupitia mtendaji wake Mmarekani mweusi, Norman House. Mwishoni amani hiyo inaelezwa kuwa imetokana na tabia ya kimaumbile ya watu wa huko, kitu kinachotoka mwilini na kutuliza hasira za walio karibu. Kwa maelezo hayo watu wa Beninia wananyang'anywa hekima yao, mila zao na siasa yao, na utulivu walioujenga unageuka kuwa kemia. Zanzibar yenyewe ni kipimo cha eneo tu. Andika mambo haya katika jibu la swali la pili, na usiyaache yafute jibu la swali la kwanza.

Weka Nova kando ya kitabu hicho na tofauti itajitokeza. Shujaa wake, nahodha Lorq Von Ray, ana mama mwenye asili ya Senegal na baba mwenye asili ya Norway, na asili hiyo haielezwi kama tatizo wala kama ajabu. Ni mtu mwenye kisasi, mali na kovu usoni, anayekimbilia nyota inayolipuka ili apate madini adimu. Delany, mwandishi mweusi aliyezaliwa Harlem mwaka 1942, amesimulia kwamba mhariri wa Analog, John W. Campbell, alikataa kuichapisha riwaya hiyo kwa mfululizo kwa hoja kwamba wasomaji wake wasingeweza kujihusisha na mhusika mkuu mweusi. Habari kama hii ni lazima iingie katika tathmini, kwa kuwa inaonyesha mlango ambao kitabu kimoja kilifungiwa huku vingine vikipita. Hata hivyo isikuzuie kuona udhaifu wake: wahusika kadhaa wa pembeni ni vivuli, na mazungumzo kuhusu nadharia ya riwaya yanarefushwa kupita haja.

Rite of Passage, iliyopata tuzo ya Nebula kwa vitabu vya mwaka huohuo, inahusu msichana Mia Havero, anayekulia katika chombo kikubwa cha angani ambako kila kijana hutupwa kwenye sayari ngeni akajitegemee kwa siku thelathini kabla ya kuhesabiwa mtu mzima. Msomaji anayeyafahamu jando na unyago ana swali ambalo wahakiki wa Marekani hawakuliuliza sana: mafunzo yako wapi, na wazee wanaomfunda kijana wako wapi? Jamii ya Mia inajaribu watoto wake kuliko inavyowalea, na Panshin anajua hivyo, kwani uamuzi wa kikatili wa mwishoni unatokana na ubaridi huohuo. Kitabu hiki kimenipandia thamani kila nilipokifikiri upya. Past Master, inayomtoa Thomas More, mwanafalsafa wa Uingereza, katika karne ya 16 na kumpeleka kuongoza sayari ya Astrobe, ina lugha isiyofanana na ya yeyote, ingawa mpangilio wake humchosha asiyeuzoea. The Goblin Reservation inafurahisha, na sina zaidi la kusema juu yake.

Baada ya hapo tafuta vilivyoachwa nje, maana hapo ndipo mwaka unapojieleza. Mwaka 1968 ulitoa A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin na Do Androids Dream of Electric Sheep? ya Philip K. Dick, na hakuna hata kimoja kilichofika katika orodha ya Hugo ya riwaya. Tumia orodha ya Nebula kama shahidi wa pili: huko Dick alikuwemo, pamoja na Joanna Russ kwa Picnic on Paradise. Kwa upande wa Dick, jihadhari na filamu iliyotengenezwa mwaka 1982 kutokana na kitabu chake, kwa sababu umaarufu wake umekiongezea kitabu uzito ambao haukuwepo wakati wa kura. Kwa upande wa Le Guin, sababu ninayoiona ni ya kibiashara zaidi: kitabu kilitolewa na kampuni ya vitabu vya watoto, na wapiga kura wengi hawakuwa wakitazama rafu hiyo. Mwaka 2001 mambo yalikuwa yamebadilika kiasi kwamba kitabu cha Harry Potter kilishinda, kikiipita Midnight Robber ya Nalo Hopkinson, na mwaka huo nao unastahili kurudiwa kwa utaratibu huuhuu.

Mwisho, piga kura kama wanavyopiga wanachama wa Worldcon. Panga vitabu vyote kwa daraja, weka pia chaguo la kutotoa tuzo mahali unapoona panastahili, na andika sababu ya kila nafasi kwa sentensi mbili au tatu. Mkiwa kikundi, kila mmoja aandike karatasi yake kabla ya mjadala, kisha hesabuni kwa kuhamisha kura, nanyi mtaona jinsi mshindi anavyoweza kuwa kitabu ambacho hakuna aliyekuja kukitetea. Kwa mwaka 1969 karatasi yangu inaiweka Nova ya kwanza, Stand on Zanzibar ya pili kwa tofauti ndogo, Rite of Passage ya tatu na Past Master ya nne. Baada ya hapo ninaweka chaguo la kutotoa tuzo, na The Goblin Reservation chini yake. Kama A Wizard of Earthsea ingekuwemo, ingekuwa juu ya zote.