Dar es Salaam hadi Tunduma kwa gari dogo: mambo ya kuzingatia kabla ya kuondoka

Barabara hii ina kilomita zipatazo 930, ikipita Pwani, Morogoro, Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe. Gari linalohimili foleni za mjini linaweza kukwama hapa, kwa kuwa njia hii ni kama safari mbili tofauti, ya joto na ya milima. Hadi Ruaha Mbuyuni ni nchi ya chini yenye joto. Kuanzia mlima wa Kitonga unaingia nyanda za juu, ambako Mafinga jioni ya Juni hukaliki bila koti zito. Joto hufichua tairi mbovu na rejeta inayovuja. Milima hufichua breki.

Anza na tairi, wiki nzima kabla ya safari, ili upate muda wa kununua nyingine ukilazimika. Ubavuni pana tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT: 2318 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi za mtumba huweza kuwa na kashata (mikato ya uso wa tairi) nzuri huku mpira umekwisha kukauka, nazo ndizo hupasuka kwenye lami ya moto. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, ukifuata kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujikunja kila mzunguko, hupata moto na kuchanika. Ukipima njiani ukakuta umepanda, usiutoe. Ni joto tu. Spea nayo ipimwe, kwani ndiyo husahaulika. Kisha legeza nati zote nyumbani na uzikaze upya kwa spana yako mwenyewe. Zilizokazwa kwa mashine ya gereji mara nyingi hugoma, na si vema kuligundua hilo katikati ya pori.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Aina iitwayo DOT 4 ikiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishaingia maji huweza kuchemka karibu na 155. Yakichemka hutoa mvuke, na pedali huzama hadi chini bila gari kushika. Kama yana zaidi ya miaka miwili, yabadilishwe, na unene wa pedi uangaliwe siku hiyohiyo. Hata breki nzima haitoshi bila gia. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, na Kitonga wakati wa kurudi, hushukwa kwa gia nzito (yenye namba ndogo) iliyowekwa kabla ya mteremko kuanza. Gari la otomatiki liweke kwenye L, 2 au B. Kukanyaga breki mfululizo ndiko kunakoziunguza.

Wakati wa kwenda, Kitonga ni mtihani wa rejeta. Tumia kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini), si maji matupu, ukague mipira na feni, na ubebe lita tano za maji. Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi, tafuta mahali salama pa kuegesha, na usifungue mfuniko hadi injini ipoe kabisa.

Panga saa kwa kuangalia Mikumi. Barabara hukatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na wanyama huvuka zaidi alfajiri na jioni. Ukiondoka Dar saa 11 alfajiri unapita hapo jua likiwa juu, na unapanda Kitonga mchana. Fuata mwendo ulioandikwa kwenye vibao. Ukimgonga mnyama utatozwa kulingana na aina yake, na ukimgonga nyati au twiga, faini ndiyo hasara ndogo. Lala Iringa au Mafinga. Usiku kuna malori mabovu yaliyoachwa barabarani bila taa, yakiwa na matawi tu kama alama. Kwa hiyo ukiona tawi kwenye lami, punguza mwendo papo hapo, na wewe beba pembetatu mbili, tochi na mtungi wa kuzimia moto usiopitwa na muda.

Madereva wa malori huwasha indiketa ya kushoto kukuambia pita, na ya kulia kukuzuia. Ya kulia itii daima. Ya kushoto ichukulie kama ushauri tu: yeye hajui gari lako lina nguvu kiasi gani, na huenda anataka kuegesha. Kama huoni mbele, usipite.

Kwa gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita, tenga lita 80 au zaidi, maana mlima hula mafuta. Jaza Morogoro, Iringa na Makambako. Ukiwa unavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, beba pasipoti, leseni, kadi ya gari, barua ya mwenye gari kama si lako, na Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya gari inayotambuliwa nje ya mpaka. Ingia Tunduma asubuhi, kwa sababu foleni ya malori ya Zambia na Kongo huanza mbali kabla ya mpaka.