Luku inaisha haraka? Kaa na mita yako dakika kumi kwanza

Mwezi wa pili, lile joto la Dar mnalijua, nilikuwa naweka luku ya elfu kumi napata yuniti 28 na siku ya sita mita inaanza kupiga kelele. Nikaanza kugombana na watoto, zima taa, chomoa chaja, nani kaacha tivii, kumbe nakimbizana na sisimizi wakati tembo amekaa jikoni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kila kifaa kina kibandiko, mara nyingi nyuma au chini, tafuta namba yenye W pembeni, zidisha na masaa unayotumia kwa siku afu gawa kwa 1000, hizo ndo yuniti. Feni ya wati 60 ikiwaka masaa nane usiku ni 0.48, nusu yuniti hivi. Taa ya LED ya wati 9 masaa matano haifiki hata 0.05, na chaja ya simu ndo usiihesabu kabisa. Sasa chukua hita ya kuchemshia maji kwenye ndoo, wati 1500, nusu saa tu: 0.75. Yaani ndoo moja ya maji ya kuoga imeshinda feni ya usiku kucha! Chochote kinachotengeneza joto ndo mlaji, pasi, jagi la umeme, hita ya bafuni, jiko la koili.

Ila kibandiko hakikwambii friji inawaka muda gani kwa siku, maana inawaka na kujizima yenyewe. Hapo ndo unaenda kwenye mita. Kuna kataa kadogo kekundu kanapepesa, na karibu yake pameandikwa namba na imp/kWh, nyingi ni 1000 au 1600. Zima kila kitu ndani ubakishe kimoja tu, shika simu, hesabu sekunde kutoka mpepeso mmoja hadi mwingine. Kama mita ni ya 1000, chukua 3600 gawa kwa hizo sekunde, jibu ni wati (ya 1600 unaanza na 2250). Mi nilibakisha friji, sekunde 30, nikapata wati 120. Sawa, kawaida. Tatizo nikasimama pale na mbu wangu dakika arobaini, haikujizima hata mara moja.

Friji nzima inapumzika. Ya kwangu ilikuwa inakimbia siku nzima, 120 mara 24 ni karibu yuniti 2.9 kila siku, wakati ingepumzika nusu ya muda ingekula 1.4. Nikabana noti ya elfu kwenye mlango nikaivuta, ikatoka laini kama siagi, mpira wa mlango umelegea ubaridi wote unavuja. Fundi kabadilisha mpira, nikaivuta friji kiganja kimoja kutoka ukutani joto la nyuma lipate pa kutokea, basi, sasa elfu kumi inanifikisha siku ya nane na kitu. Yuniti ikiwa shilingi 350 na ushee pamoja na kodi, ni kama elfu kumi na tano kwa mwezi zilikuwa zinapita kwenye mpira.

Mengine ni madogo madogo, pasi piga nguo za wiki kwa mkupuo mmoja maana kuipasha upya kila asubuhi ndo hasara, jagi weka maji ya vikombe unavyokunywa tu, na maharage yapeleke kwenye jiko la presha la umeme, chungu kizima hakimalizi yuniti moja.

Na nyie mliopo kwenye tarifu ndogo ya yuniti 75 kwa mwezi, gawa kwa siku 30, ni 2.5 kwa siku. Ukivuka hizo 75 za mwezi, zile za juu unauziwa bei ya 350 badala ya 100, kodi bado. Kwa hiyo soma mita usiku kabla ya kulala na uisome tena usiku unaofuata, andika kwenye karatasi ubandike hapo hapo ukutani. Mnaochangia luku na wapangaji wenzenu ndo kabisa, fanyeni hii ya kupepesa mbele ya wote, chumba kimoja kimoja, mtajua nani ana hita ya siri.