Kuweka draiva ya NVIDIA badala ya nouveau kwenye Ubuntu

Ukisakinisha Ubuntu kwenye kompyuta yenye kadi ya NVIDIA bila kukubali programu za ziada za kadi ya grafiki na Wi-Fi, picha zako zitaendeshwa na nouveau. Hiyo ni draiva huria iliyoingia kwenye kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux mwaka 2010, na waandishi wake waliijenga kwa kuchunguza tabia ya kadi bila kupewa michoro ya ndani. Skrini itawaka na kivinjari kitafunguka. Lakini Blender (programu ya michoro ya 3D) haitaiona kadi, programu zinazotegemea CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kufanyia hesabu kwenye kadi) zitakataa, na michezo itakwama.

Makosa mengi ya kazi hii yana vyanzo viwili: draiva isiyolingana na kizazi cha kadi, na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha kompyuta) kuzuia moduli, yaani kipande cha draiva kinachoingia kwenye kerneli, isiyo na saini. Vyote viwili unaweza kuvijua kabla hujapakua hata megabaiti moja, kwa hiyo usiharakie amri ya kusakinisha. Maelezo haya ni ya Ubuntu 22.04 na 24.04.

Ijue kadi kwa msimbo wake, si kwa jina la dukani

Fungua terminali, andika:

`lspci -nnk | grep -EA3 'VGA|3D'`

Angalia mambo mawili. La kwanza ni mstari wa "Kernel driver in use", ambao kwa sasa utasema nouveau. La pili ni herufi mbili zinazotangulia namba ya chipu, mfano GP107M au TU117. Herufi hizo ndizo zinazotaja kizazi. Jina la biashara hudanganya: GeForce 820M ina namba kubwa kuliko GTX 750, lakini chipu yake ni GF117, ya kizazi cha zamani zaidi. GeForce 920M nayo ni GK208, wakati 940M ni ya familia ya GM. Quadro K620 inaonekana ni ndugu ya Quadro K600, kumbe kizazi chake ni kingine.

GF ni Fermi. Draiva yake ya mwisho ni tawi (mfululizo wa matoleo) la 390, ambalo NVIDIA iliacha kulitunza mwisho wa 2022. Kwa kadi hizi ushauri wetu ni mmoja: baki na nouveau. Kulazimisha draiva iliyokufa kwenye kerneli mpya ni kutafuta matatizo.

GK ni Kepler, na tawi lake ni 470. Matengenezo yake yaliisha 2024, ila bado limo kwenye hifadhi rasmi ya Ubuntu 22.04 na 24.04 na linafanya kazi. GM na GP, yaani Maxwell na Pascal, hutumia 535 au 550, na mwisho wao ni tawi la 580. Tawi lolote la juu ya hapo halizitambui. TU, GA na AD, yaani kadi za GTX 16 na RTX 20, 30 na 40, hazina shida na matawi hayo. GB, ambazo ni RTX 50, zinahitaji 570 kwenda juu, tena lazima kifurushi chenye jina linaloishia na `-open`.

Kama amri ile imeonyesha Intel au AMD peke yake, mwongozo huu haukuhusu. Draiva za kadi hizo zimo ndani ya kerneli na Mesa (maktaba huria ya michoro), na husasishwa pamoja na mfumo mzima. Laptopu nyingi za ofisi zinazouzwa kwetu kama mtumba, EliteBook, Latitude na ThinkPad za kawaida, ziko kundi hilo. Zenye NVIDIA mara nyingi ni ZBook, Precision na ThinkPad za herufi P.

Kuna swali la haki la kujiuliza hapa: je, unaihitaji kweli? Kwa kadi nyingi za GTX 900 na za GTX 1000, nouveau haina ruhusa ya kupandisha kasi ya kadi, kwa sababu programu ya ndani inayosimamia umeme inadai saini ya NVIDIA. Kadi hubaki kwenye kasi ndogo iliyowakia nayo. Hapo kubadilisha draiva kunaleta tofauti kubwa. Lakini kama kazi yako ni kuandika barua, kufungua barua pepe na kutazama video, na nouveau haijakusumbua, iache.

Secure Boot

`mokutil --sb-state`

Jibu likiwa "SecureBoot disabled", endelea bila wasiwasi. Likiwa "enabled", kerneli itakubali moduli zenye saini inayoaminika tu. Usikimbilie kuizima kwenye BIOS. Ubuntu ina moduli za NVIDIA zilizokwisha kutiwa saini na Canonical (kampuni inayotengeneza Ubuntu), na njia ya kusakinisha tunayoipendekeza hapa chini huzichukua zenyewe.

Maandalizi

Sasisha mfumo kwanza, kisha uwashe upya:

`sudo apt update && sudo apt full-upgrade`

`sudo reboot`

Hatua hii wengi huiruka, na huwagharimu. Moduli ya NVIDIA hufungamana na toleo moja la kerneli. Ukisakinisha draiva huku kerneli mpya inasubiri, unaweza kuwasha kompyuta na kukuta moduli ipo kwa kerneli ya jana tu.

Tazama nafasi ya diski kwa `df -h / /boot`. Acha angalau GB 3 kwenye `/`. Kama ulisimba diski nzima wakati wa kusakinisha, `/boot` ni sehemu ndogo inayojitegemea. Hakikisha ina MB 300 huru au zaidi, maana faili la initramfs (linalobeba moduli za mwanzo wa kuwasha) huongezeka ukubwa. Likikosa nafasi hukatika katikati, na kompyuta haiwaki.

Kwa anayehesabu bando, andika `sudo apt install nvidia-driver-535`, ukibadilisha namba iwe ya tawi lako. Kabla ya kuanza, apt itataja megabaiti zitakazopakuliwa na kukuuliza. Soma, kisha jibu n. Tegemea mamia ya megabaiti.

Kusakinisha

Kwanza uone Ubuntu inapendekeza nini:

`ubuntu-drivers devices`

Utapata orodha ya vifurushi, kimoja kikiwa na neno "recommended". Linganisha na msimbo wa kadi uliousoma mwanzo. Vyenye `-server` ni vya mashine za kituo cha data, viache. Vyenye `-open` ni vya TU kwenda juu tu. Ukikiweka kwenye GP au GM, kadi haitafanya kazi. Pendekezo likilingana na kizazi cha kadi, andika:

`sudo ubuntu-drivers install`

Ukitaka tawi maalumu, kwa mfano 535:

`sudo ubuntu-drivers install nvidia:535`

Amri hii ina faida moja kubwa juu ya apt tupu: hutafuta zile moduli zenye saini. Ukitumia `apt install nvidia-driver-535` peke yake, kwa kawaida utaletewa DKMS, ambayo hujenga moduli hapohapo kwenye mashine yako. Kazi inafanyika, ila inachukua dakika kadhaa, inahitaji vifurushi vya linux-headers, na Secure Boot ikiwa imewashwa italazimu uandikishe ufunguo.

Huna haja ya kuizuia nouveau kwa mkono. Vifurushi vya Ubuntu huweka faili la kuizuia na kujenga upya initramfs. Miongozo ya zamani inayokuambia uandike "blacklist nouveau" ilikuwa ya watu waliopakua faili la `.run` kutoka tovuti ya NVIDIA. Faili hilo usilitumie kwenye Ubuntu. Linaandika juu ya maktaba za mfumo bila apt kujua, na kerneli ikisasishwa linaweza kuachwa nyuma, ukarudi kwenye skrini nyeusi.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usianze upya kwa kufuta. Washa, ingia, kisha:

`sudo dpkg --configure -a`

`sudo apt -f install`

Ukimaliza, washa kompyuta upya.

Skrini ya bluu ya ufunguo

Hii huwatokea wa DKMS na Secure Boot. Wakati wa kusakinisha uliombwa nywila mpya ya herufi 8 au zaidi. Tumia herufi ndogo na tarakimu tu, kwa sababu utakapoiandika tena kibodi itakuwa ya mpangilio wa Kimarekani, na alama huhamahama. Kompyuta ikiwaka, skrini ya bluu hukupa sekunde 10 kubonyeza kitufe chochote. Chagua "Enroll MOK", kisha "Continue", kisha "Yes", andika nywila ile, maliza na "Reboot".

Sekunde zikikupita, kompyuta itaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kitu, ila draiva haitafanya kazi. Hujaharibu chochote. Andika amri hii, weka nywila nyingine, washa upya na safari hii kaa karibu na kibodi:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Kuhakikisha

`nvidia-smi`

Ukiona jedwali lenye jina la kadi, joto na kumbukumbu, draiva inafanya kazi. Neno "CUDA Version" pale juu huwachanganya wengi: linataja toleo la juu ambalo draiva inaweza kulihudumia, halimaanishi CUDA imesakinishwa.

Kwenye laptopu yenye Intel na NVIDIA pamoja, `glxinfo -B` kutoka kifurushi cha mesa-utils bado itaonyesha Intel. Si kosa. Hali ya kawaida huitwa on-demand: Intel huchora dawati, NVIDIA hulala hadi programu iiombe. Hivyo betri hudumu. Jaribu kuiomba:

`__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia glxinfo -B`

Sasa jina la NVIDIA litatokea. Maneno hayo mawili ya mwanzo unaweza kuyatanguliza mbele ya programu yoyote ya OpenGL. Ukitaka NVIDIA ichore kila kitu, `sudo prime-select nvidia` kisha washa upya. Kurudi ni `sudo prime-select on-demand`. Blender yenyewe haihitaji haya: nenda Edit, Preferences, System, uchague CUDA au OptiX na kuweka tiki kwenye kadi.

Ikigoma

Nvidia-smi ikisema imeshindwa kuwasiliana na draiva, usikisie. Jaribu kupakia moduli kwa mkono, kisha usome kerneli inasema nini:

`sudo modprobe nvidia`

`sudo dmesg | grep -iE 'nvrm|nvidia|nouveau'`

"Key was rejected by service" ni Secure Boot; rudi kwenye sehemu ya ufunguo. "Module nvidia not found" maana yake moduli haikujengwa kwa kerneli unayotumia: angalia `uname -r` na `dkms status`, kisha weka `linux-headers-generic`, au ile ya hwe kama kerneli yako ni ya hwe (kerneli mpya zaidi kwa toleo lilelile la Ubuntu). Mstari wa NVRM (ujumbe wa draiva ya NVIDIA) unaosema kadi inahudumiwa na "470.xx Legacy drivers" umekutajia tawi sahihi waziwazi, ondoa ulilonalo, weka hilo. Na "Driver/library version mismatch" hutokea baada ya sasisho: maktaba ni mpya, moduli iliyomo kwenye kumbukumbu ni ya zamani. Kuwasha upya kunatosha.

Skrini ikiwa nyeusi kabisa, bonyeza Ctrl+Alt+F3 kwanza. Mara nyingi utapata mahali pa kuingia kwa maandishi. Kama hakuna, zima, washa, na ubonyeze Esc mara moja nembo ya kampuni inapopotea ili menyu ya GRUB (programu inayowasha mfumo) ijitokeze. Ukiwa kwenye mstari wa Ubuntu bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na `linux`, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika `nomodeset`, kisha F10. Mabadiliko hayo ni ya kuwasha mara hiyo moja tu. Skrini itakuwa na picha kubwakubwa na nzito, lakini utaweza kufanya kazi.

Kurudi nouveau

`sudo apt purge '^nvidia-.*' '^libnvidia-.*' '^linux-modules-nvidia-.*'`

Apt ikikuonyesha orodha, isome kabla ya kukubali. Ukiona `ubuntu-desktop` au `gdm3` kati ya vitakavyoondolewa, jibu n na uondoe vifurushi vya nvidia kimoja kimoja. Baada ya hapo:

`sudo apt autoremove`

`sudo update-initramfs -u -k all`

`sudo reboot`

Kama kuna wakati faili la `.run` liliwahi kutumika kwenye mashine hiyo, tanguliza `sudo nvidia-uninstall`. Rudia `lspci -k`: mstari wa draiva useme nouveau. Ukikosa kitu hapo, andika `grep -r nouveau /etc/modprobe.d`. Faili litakalotajwa lina zuio lililoachwa nyuma. Lifute, jenga initramfs tena, uwashe upya.