Kabla ya kumkabidhi mtu nusu ya duka lako

Wengi wanaofungua duka la bidhaa rafiki kwa mazingira hutafuta mbia, yaani mwenza wa kumiliki biashara, kwa sababu mtaji haujatosha. Sababu hiyo si mbaya, ila kama unachokosa ni pesa tu, fikiria mkopo kwanza. Mkopo ukiisha, mkopeshaji anakwenda zake, mbia habanduki. Andika kazi za duka zinazokushinda. Ikiwa unazijua bidhaa lakini hesabu zinakutoa jasho, unayemhitaji ni mtu wa daftari, si mwenzako wa kupenda miti.

Ukimpata, jina la duka na rangi ya ukuta vingoje. Ulizaneni kwanza: kwenu bidhaa rafiki kwa mazingira ni ipi? Hapa ndipo ubia wa duka la namna hii hupasuka, kwa kuwa kila mtu hudhani jibu linajulikana. Chukueni mfuko wa pamba. Utafiti wa wakala wa mazingira wa Denmark, wa mwaka 2018, ulikadiria kuwa mfuko wa pamba ya kawaida utumike angalau mara 52 ndipo ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki kwa athari za tabianchi, na mara 7,100 vikihesabiwa vigezo vyote vilivyopimwa. (Taka zinazozagaa hazikuhesabiwa, kwa hiyo mjadala bado mbichi.) Au vikombe vya plastiki itokanayo na mahindi: vinahitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi karibu 60, wala havitaoza upesi kwenye shimo la nyuma ya nyumba. Mmoja atasema viuzwe, mwingine atakataa. Gombaneni sasa, mkiwa wawili, kisha andikeni visivyoingia dukani hata vikiwa na faida nono.

Pesa nazo zisiachiwe kuaminiana. Chini ya sheria ya ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, wabia wasipokubaliana vingine hugawana faida sawasawa, hata kama mmoja alileta mtaji mkubwa zaidi, na anayeshinda dukani kutwa hana haki ya mshahara. Sheria za kwenu zinaweza kutofautiana, muulizeni mwanasheria. Muulizeni pia kuhusu madeni, maana katika ubia wa kawaida usiosajiliwa kama kampuni, mdai anaweza kukudai wewe deni lote alilokopa mwenzako kwa jina la duka. Duka la kujaza upya sabuni na nafaka, ambako mteja huja na chombo chake, hununua kwa mapipa na magunia, na pesa hulala humo. Kubalianeni ni miezi mingapi hakuna atakayegusa faida. Mkigawana nusu kwa nusu, tajeni pia wa kuamua mkikwama.

Kabla ya sahihi, uzeni pamoja meza moja kwa wikendi chache. Nani anafika mapema, nani anahesabu mzigo uliobaki jioni, nani anatia chumvi anapomweleza mteja kuhusu bidhaa? Utayaona hayo vizuri zaidi mezani kuliko kwenye mazungumzo yoyote.

Mwisho, kuachana. Watu huona aibu kulitaja mapema, kama kuzungumzia talaka kwenye posa, lakini liandikeni: hisa zitathaminiwaje, anayeondoka atalipwa kwa muda gani, na nani atabaki na jina la duka, mizani na nywila za kurasa zenu za mtandaoni.