Namna ya Kuisoma Suratul-Maaun kwa Kuanzia Neno Lake la Mwisho

Karibu kila mtoto aliyepita chuo cha Qurani katika nchi zetu ameihifadhi Suratul-Maaun kabla hajajua kuandika jina lake vizuri, na wengi wetu hatuiiti kwa jina lake bali kwa neno lake la kwanza, "Araaita". Ni sura ya 107, ina aya 7, na aliyeizoea huimaliza kwa pumzi mbili tatu. Wepesi huo ndio uliotufanya wengi tuisome miaka na miaka bila kuisikia. Mimi mwenyewe niliisoma katika swala tangu utotoni, mpaka siku moja nikatulia na kujiuliza hayo maaun ni kitu gani hasa, hata Mwenyezi Mungu akayataja mahali pamoja na swala, yatima na Siku ya Malipo. Ninayoeleza hapa ni njia niliyoiona inafaa kwa mtu anayetaka sura hii imfanyie kazi nyumbani mwake, wala haichukui zaidi ya wiki chache.

Kwanza isome kwa Kiarabu baada ya swala ya alfajiri, taratibu, aya kwa aya, kisha usome maana yake kwa Kiswahili. Ukiweza, weka mbele yako tafsiri mbili, kwa mfano ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyotoka kamili mwaka 1969 na nyingine yoyote unayoiamini, kwa sababu mahali ambapo wafasiri wawili wametumia maneno tofauti ndipo penye jambo la kumuuliza mwalimu wako. Usiingie humo kutafuta hukumu za fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini. Hizo zina wenyewe. Wewe unatafuta jinsi ya kujipima.

Baada ya hapo, anza na neno la mwisho. Najua si desturi kusoma kutoka nyuma, lakini sura yenyewe imepewa jina la neno hilo, na ndilo lililo karibu zaidi na mkono wako. Aya ya 7 inasema: "na huzuia maaun." Imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Masud, Allah amridhie, kwamba maaun ni vile vitu ambavyo watu huazimana: shoka, sufuria, ndoo na mfano wake. Wengine katika Masahaba, akiwamo Ali bin Abi Talib, wamepokewa wakisema kuwa ni zaka. Kisha akaja Ikrima, mwanafunzi wa Ibn Abbas, akazikusanya kauli hizo kwa maneno ambayo mimi hayanitoki akilini: cha juu kabisa katika maaun ni zaka ya mali, na cha chini kabisa ni chekeche, ndoo na sindano. Basi kutoka zaka ya tajiri mpaka sindano ya jirani, yote ni mlango mmoja.

Zunguka nyumbani kwako ukiwa na kauli hiyo ya Ikrima. Tazama mbuzi ya kukunia nazi nyuma ya mlango wa jikoni, kinu na mchi wake, ngazi, jembe, ndoo kubwa ya siku ya shughuli, kiberiti, chumvi, na siku hizi hata chaja ya simu. Kwa kila kimoja jikumbushe mara ya mwisho kilipoombwa na ulijibu nini. Mtoto wa jirani anapiga hodi, amesimama kizingitini na mguu mmoja juu ya mwingine, anasema, "Shikamoo, mama anaomba umuazime mbuzi." Sauti inatoka ndani: "Mwambie haipo." Naye mtoto anaiona, maana pazia liko wazi. Anasema ahsante na kurudi kwao. Katika jambo dogo kama hilo kuna uongo, kuna unyimivu, na kuna somo la dini ambalo watoto wawili wamelipata kwa wakati mmoja, yule aliyetumwa kuomba na yule aliyetumwa kujibu.

Haina maana kwamba kila kinachoombwa ni lazima kitoke saa hiyo hiyo. Ikiwa unakitumia, sema unakitumia na utaje saa utakapomaliza. Ikiwa mwombaji amewahi kukuharibia kitu, mweleze kwa upole, au mpelekee mtu wa kumfanyia hiyo kazi kwa kifaa chako. Naye aliyeazima ajue kwamba ameshika amana, akirudishe kikiwa safi na bila kufuatwafuatwa, kwa kuwa wengi wa wanaozuia leo walikuwa watoaji mpaka walipochoshwa. Kinacholaumiwa katika aya ni ile tabia ya kuzuia. Jipe wiki nzima, siku 7 kwa idadi ya aya, ambayo ndani yake hutamnyima mtu kitu chepesi bila sababu ya kweli. Utashangaa jinsi sababu nyingi tulizozizoea zilivyokuwa si za kweli.

Wiki ya pili panda kwenye aya ya 4, 5 na 6, zinazohusu swala. "Basi ole wao wanaoswali" ni maneno mazito, na wasomaji hufundishwa wasiikate maana hapo, kwa kuwa inakamilika kwa inayofuata: "ambao wanaghafilika na swala zao." Hapa herufi moja imebeba rehema kubwa. Aya inasema 'an salaatihim, yaani wameghafilika na swala yenyewe, haikusema fii salaatihim, yaani ndani ya swala, na imepokewa kutoka kwa baadhi ya waliotangulia kwamba walimhimidi Mwenyezi Mungu kwa tofauti hiyo. Nani asiyesahau ndani ya swala? Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, aliwahi kutoa salamu baada ya rakaa mbili katika swala ya rakaa nne, mpaka Sahaba mmoja, Dhul-Yadayn, alipomuuliza kama swala imepunguzwa au amesahau, naye akaikamilisha na kusujudu sijda ya kusahau. Kwa hiyo mwenye wasiwasi, anayerudia takbira mara tatu kwa hofu, asiifanye aya hii iwe fimbo ya kujipiga.

Kughafilika kunakokusudiwa kumeelezwa na Sahaba Saad bin Abi Waqqas kwamba ni kuichelewesha swala mpaka wakati wake utoke. Jipime kwa swala ya alasiri, maana ndiyo inayoangukia katikati ya biashara, usafiri na usingizi wa mchana. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, mnafiki anatajwa kuwa hukaa akilingojea jua mpaka likaribie kuchwa, kisha husimama akazidonoa rakaa nne kama ndege. Namna ya kujirekebisha ni nyepesi kuieleza: usiipange swala katika nafasi zinazobaki baada ya kazi, bali zipange kazi baina ya adhana mbili. Ukimwambia mtu "tuonane baada ya alasiri" badala ya "saa kumi", umekwisha kuanza.

Kuhusu kujionyesha kunakotajwa katika aya ya 6, ambako ndiko riya, nitasema moja tu linaloniuma. Mwezi wa Ramadhani ukifika tunaona picha za wajane wamepangwa mstari, kila mmoja ameshika mfuko wa unga na tende, na mbele yao amesimama mtoaji akitabasamu. Qurani katika Suratul-Baqara, aya ya 271, imeruhusu kutoa sadaka kwa dhahiri na ikasema kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Wahisani wakihitaji ushahidi, piga picha ya magunia, weka daftari la majina na saini, uwaache wajane na nyuso zao. Yule mama ana watoto shuleni, na picha hiyo wataiona wenzao.

Sasa uje kwenye aya ya 2 na ya 3, na hapa usiharakishe. "Huyo ni yule anayemsukuma yatima." Kitenzi yadu'u kina shada, yaani herufi inayotamkwa kwa mkazo, na maana yake ni kusukuma kwa nguvu na ukali, asili yake hiyo hiyo imetumika katika Suratut-Tur kuwaeleza watu wanaosukumwa kuingizwa Motoni. Yatima katika sheria ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, na Mtume aliyeteremshiwa aya hii alimjua yatima kwa kuwa ndiye yeye: baba yake alifariki kabla hajazaliwa, na mama yake alipokuwa na miaka 6.

Kusukuma kwa mkono ni nadra siku hizi. Tazama kusukuma kwingine. Msiba umekwisha, matanga yameanuliwa, na nyumba ya marehemu inaendelea kukaliwa na ndugu zake huku mirathi ikiahirishwa kila Idi hadi Idi. Mtoto amepelekwa kwa shangazi "akasome", na kila asubuhi ndiye achotaye maji wakati wenzake wanavaa viatu vya shule. Sahani yake hupakuliwa mwisho, na akitajwa mbele ya wageni huitwa "huyu wa marehemu", kana kwamba hana jina. Ikiwa yatima yuko chini ya paa lako, au katika ukoo wako, fanya haya kabla ya mwezi kwisha. Itisha kikao cha familia na uandike mali yote aliyoacha baba yake, kitu kwa kitu, mashahidi wakiwapo. Tenganisha fedha zake na zako, hata ikiwa ni kwa bahasha tu. Soma pamoja nao Suratun-Nisaa, aya ya 6, inayoamuru ajaribiwe, na akionekana ana busara akabidhiwe mali yake mbele ya mashahidi, kisha aya ya 10 kuhusu wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma, ambao hakika wanakula moto matumboni mwao. Mtume alivikutanisha vidole viwili, cha shahada na cha kati, akaacha mwanya mdogo, akasema kuwa yeye na mlezi wa yatima watakuwa hivyo Peponi.

Aya ya 3 inambana hata asiyekuwa na kitu, kwani haikusema "halishi maskini", imesema "wala hahimizi chakula cha maskini". Kuhimiza hakuhitaji fedha. Katika kikao cha harusi sema mapema chakula kitakachobaki kitapelekwa wapi na nani atakibeba, kabla sufuria hazijaoshwa.

Aya ya 1 ndiyo ya kumalizia: "Je, umemwona anayekadhibisha malipo?" Baada ya wiki hizi utaona kwamba sura haikumtafuta mkadhibishaji kwenye maneno ya ulimi wake, imemtafuta mlangoni pake, mezani pake na katika saa zake za swala. Hatari ya mahali hapa ni kuanza kuwahesabu majirani. Kila jina la mtu mwingine linapokujia kichwani, rudi kwenye orodha ya vitu vyako vya jikoni.

Na kama una mtoto anayeihifadhi sasa, mweleze maana ya maaun kabla hajafika aya ya mwisho. Kisha jirani akipiga hodi kuomba chekeche, usinyanyuke. Mwache mtoto aende akalitoe msumarini, alipige vumbi kwa kiganja, alipeleke mlangoni kwa mkono wake wa kulia.